Mjadala: Mfumo wa ulinzi unaponunuliwa, modeli itawale au hati?

MWANZISHA MADA
Wizara ya ulinzi inanunua mfumo wa kulinda anga: rada, kituo cha amri, mitambo ya makombora, kila kimoja na mkandarasi wake. Je, modeli ya kompyuta ya SysML, lugha ya kuchora na kueleza mifumo, iwe ndiyo kumbukumbu rasmi ya mkataba, na hati ziwe machapisho tu yanayotolewa humo? Marekani imeelemea huko tangu mkakati wake wa uhandisi wa kidijitali wa 2018, na agizo la Desemba 2023 likakazia.

Nasema modeli itawale. Chukueni taarifa moja tu, mahali ilipo ndege, inayotoka kwenye rada kwenda kituo cha amri. Msanifu wa rada ameandika: kila sekunde 4, kimo kwa futi. Wa kituo anatarajia kila sekunde 1, kimo kwa mita. Kwenye hati mambo hayo yamelala katika majuzuu mawili, na tofauti inaibuka siku ya majaribio. Kwenye modeli taarifa ni kipengele kimoja chenye kipimo chake. Porti mbili, yaani milango ambamo taarifa hutoka na kuingia, zisipolingana, ukaguzi unazitaja kabla hata waya haujanunuliwa.

JIBU LA 1
Mkuu, hiyo ni modeli ambayo wengi hawaijengi. Ukaguzi huo haujitokezi wenyewe: lazima porti zipewe aina, vipimo viandikwe, na kanuni za ukaguzi ziwekwe. Kinachofika mezani mara nyingi ni visanduku na mishale isiyobeba kitu. Mtu anaunda rada mpya katika kila mchoro badala ya kuivuta ile iliyopo. Hazina, yaani ghala la vipengele vyote vya modeli, inabaki na "Rada", "Rada 1" na "Rada_mpya", na jedwali la SV-6, lile la mabadilishano ya data, linatoka na mistari pungufu bila onyo. Wengine wanafuta umbo mchoroni wakidhani wamefuta kipengele, kumbe bado kimo hazinani.

Halafu kuna uhai wa mfumo. Mitambo hii inaweza kutumika miaka 30. Faili ya XMI, ile ya kuhamishia modeli, ikihama kutoka programu moja kwenda nyingine, vipengele huweza kufika salama huku mpangilio wa michoro ukivurugika. Ukizuka mgogoro, msuluhishi atasoma nini?

JIBU LA 2
Kwenye XMI uko sahihi. SysML toleo la 2, lililopitishwa mwaka 2025 na OMG, shirika linalosimamia lugha hiyo, lina lugha ya maandishi, kwa hiyo matoleo mawili yanalinganishwa mstari kwa mstari. Hilo linapunguza maumivu, ila haliwaondolei watu tabia ya kuchora tu.

Ninaloliogopa mimi ni siri. Masafa ya rada peke yake yanaweza kuwa na daraja la chini la usiri, idadi ya mitambo vilevile. Viunganishe katika modeli moja pamoja na muda wa kuitikia, umemwonyesha adui pengo lilipo. Modeli igawanywe kwa daraja: ya juu iruhusiwe kurejelea ya chini, ya chini isirejelee ya juu kamwe. Hata jina la kipengele linaweza kuvujisha siri.

MWANZISHA MADA
Ndugu zangu, nimepokea. Hakuna anayelazimika kuchora kila kitu. DoDAF 2.0 ya mwaka 2009, mwongozo wa usanifu wa mifumo wa wizara ya ulinzi ya Marekani, ina mitazamo 8, na inataka uchague ile inayojibu maswali yako. Maswali yaandikwe kwanza: nani anaruhusu kufyatua, taarifa inapita wapi, kiungo gani kikikatika amri haifiki. Mchoro usiojibu swali lolote usilipiwe.

Kuhusu msuluhishi, kifungu kitaje namba ya toleo lililofungwa, nakala ya PDF iliyotolewa siku hiyohiyo, na kipi kinashinda vikitofautiana. Mabadiliko yote yapite mikononi mwa kamati moja yenye wakandarasi wote watatu. Mkandarasi wa rada asibadilishe kiolesura, yaani pale mfumo wake unapokutana na wa wengine, peke yake, hata kwa futi moja.