Kupita chini ya ardhi hadi Pripyat: suti ipi, silaha ipi, na niende na nani?

Msafiri_wa_Zaton:
Wanajukwaa, habari za jioni. Nacheza mchezo wa kompyuta wa S.T.A.L.K.E.R.: Call of Pripyat kwa mara ya kwanza, na nimefika pale ambapo Meja Degtyarev, mhusika ninayemwendesha, anatakiwa kupita chini ya ardhi kutoka kiwanda cha Jupiter hadi mjini Pripyat. Nina rubli 41,000, ambazo hazitoshi kwa yote ninayoyatamani. Naomba mnilinganishie: ninunue suti ya SEVA au ile ya wanasayansi? Nibaki na bunduki yangu au nitafute nyingine? Je, nikusanye wenzangu wote wanne wanaoweza kufuatana nami, au Zulu, mmoja wao, peke yake ananitosha?

Mlinzi_wa_Stesheni:
Mkuu, umekuja kwa fundi viatu na viatu umeviacha nyumbani. Unacheza kwa kiwango gani cha ugumu? Bunduki hiyo "yako" ni ipi, na imechakaa kiasi gani? Azot, yule fundi wa stesheni ya Yanov, umeshampelekea vifaa vya ufundi, au hana hata bisibisi ya maana? Tueleze hayo kwanza.

Bi_Anomali:
Wakati tunasubiri majibu, mimi nasema SEVA bila kusita. Suti ya wanasayansi inakukinga vizuri sana dhidi ya mionzi, moto na kemikali, lakini mbele ya risasi ni kama kanga. Huko chini utakutana na wapiganaji wa Monolith, lile kundi la washupavu wa ibada, na hao hawarushi kemikali. Zote mbili zina mfumo wa hewa uliofungwa, ambao ndio sharti la kupita kwenye gesi, lakini SEVA ukiipeleka kwa fundi mwenye vifaa inaimarishwa ikakuvusha hata mjini.

Chuma_Kizito:
Ukiweza kusubiri, weka akiba upate mavazi ya chuma yenye mitambo, yaani exoskeleton. Utabeba risasi za kutosha kuendesha vita peke yako, na Monolith watachoka wao kabla yako.

Bi_Anomali:
Chuma, kila mada unaleta mavazi hayo hayo. Mtu akishayavaa hawezi kukimbia mpaka yafanyiwe marekebisho, na viumbe wanaokaa mle ni Snork, ambao huruka kukufikia. Unamshauri mgeni asimame kama kisiki?

Babu_Marisau:
Vijana, hapo kwenye Snork ndipo penye somo, na mimi nimelilipia. Niliingia mle na bunduki ya rashasha niliyoipenda mno, ambayo sikuipeleka kwa fundi kwa sababu niliona ni uchoyo wa Azot tu kutaka fedha zangu. Nilikuwa na Zulu na Vano. Tulipofika kwenye ukumbi mmoja wenye giza nilisikia mkwaruzo juu ya bati, nikainua tochi, nikaona kinyago cha gesi na ule mpira wake unaoning'inia, ukiyumba kama mkonga, halafu kikaruka. Nikafyatua mara tatu, mara ya nne nikasikia "tak", kisha kimya. Bunduki imekwama. Wakati nabonyeza kitufe cha kujaza risasi, kidole kikateleza kikagusa kitufe cha kuhifadhi mchezo kwa haraka. Kwa hiyo mchezo wangu ukahifadhiwa Snork akiwa hewani, bunduki imekwama, na damu yangu imebaki kama ya mbu. Nikawa nafufuka na kufa, nafufuka na kufa, nadhani mara thelathini. Mara ile moja niliyoponea chupuchupu, Vano ndiye aliyekufa, nami nikaona aibu kuendelea bila yule kijana ambaye nilikuwa nimemlipia deni lake kwa majambazi. Hifadhi nyingine niliyokuwa nayo ilikuwa ya eneo la Zaton, ndani ya meli ya Skadovsk, saa nyingi nyuma. Nilizima kompyuta nikaenda kulala bila kula.

Tangu siku hiyo sishuki bila bunduki ya marisau ya Chaser 13. Snork akiruka, unamngoja afike karibu, unampiga moja ya uso. Rashasha iwe ya Monolith tu.

Msafiri_wa_Zaton:
Pole sana Babu, na ahsanteni. Samahani kwa kutojieleza. Nacheza kwa kiwango cha Veteran. Bunduki yangu ni AKM-74/2. Azot nimempelekea vifaa vya kazi za kawaida, na vile vya kazi ndogondogo bado sijavipata. Zulu ameshakubali, baada ya kunywa naye vodka mpaka picha ikawa giza. Vano nimemlipia deni. Luteni Sokolov bado yuko kwa wanasayansi, na Strider sijazungumza naye.

Chuma_Kizito:
Veteran? Panda hadi Master. Katika kiwango hicho hata maadui hufa upesi, na risasi zako ndipo zinapopata uzito.

Mlinzi_wa_Stesheni:
Madai hayo yamezunguka kwenye majukwaa tangu mchezo utoke mwaka 2009, na kila anayeyaleta huwa ameambiwa na rafiki. Mgeni asipandishiwe ugumu katikati ya safari kwa sababu ya hadithi.

Chuma_Kizito:
Mimi sikuambiwa na mtu, nimecheza viwango vyote vinne.

Mwanajiografia:
Nichomekee jambo dogo. Jupiter kilikuwa kiwanda halisi ndani ya mji wa Pripyat, na Yanov ni stesheni halisi ya reli iliyo jirani na mji huo. Mji ulianzishwa mwaka 1970, na wakazi wake walihamishwa tarehe 27 Aprili 1986, siku moja baada ya mtambo wa nyuklia wa Chernobyl kulipuka. Kwa hiyo njia hii ndefu ya chini ya ardhi ni ubunifu wa GSC Game World, watengenezaji wa mchezo. Kwa ramani ya kweli, ukiwa Jupiter umeshafika.

Babu_Marisau:
Laiti ungemwambia Vano hayo mapema.

Bi_Anomali:
Turudi kwa Msafiri. Mchukue Sokolov, hana masharti mazito. Strider naye, aliyetoka Monolith, anafaa, ila kwanza itabidi uwatafutie watu wake kimbilio kwa Duty au Freedom, makundi mawili hasimu, na huo ni uamuzi usioutengua kirahisi. Mimi niliwapeleka Freedom.

Mlinzi_wa_Stesheni:
Watu waliotoka Monolith wanahitaji nidhamu, na nidhamu iko Duty. Kuwapeleka Freedom ni kuwatoa kwenye ibada moja na kuwaacha uwanjani bila mchungaji.

Bi_Anomali:
Wametoka kupokea amri usiku na mchana, nawe unawarudisha kwenye gwaride?

Msafiri_wa_Zaton:
Nimesoma yote. Chaser 13 nimeshainunua, na Sokolov nitamfuata leo usiku. Kuhusu SEVA, nikiinunua sasa zitabaki fedha za kuimarisha ama suti ama bunduki, si vyote viwili, na hapo bado sijaamua. Suala la Duty na Freedom ndilo limenichanganya zaidi, maana nilikuja na maswali matatu na sasa nina manne.

Mlinzi_wa_Stesheni:
Na hiyo AKM bado hujatuambia imechakaa kiasi gani.