Swali la 21 la WHOQOL-BREF: mnaliulizaje kwenye chumba kimoja?

Mhoji_Mathare
Hamjambo wanajukwaa. Nahoji nyumba kwa nyumba huku Mathare, Nairobi, kwa dodoso la WHOQOL-BREF la Shirika la Afya Duniani, linalopima ubora wa maisha. Katiba ya shirika hilo, ya mwaka 1946, ikieleza afya inataja mwili, akili na ustawi wa kijamii kwa pamoja. Lakini kati ya maswali 26, mahusiano na watu yamepewa matatu tu: unaridhika kiasi gani na uhusiano wako na watu, na tendo la ndoa, na msaada wa marafiki.

Hilo la katikati, swali la 21, linanitesa. Chumba ni cha mabati, jirani akikohoa unamsikia, wajukuu wamejaa kitandani. Juzi shosho mmoja mjane alijifunga leso upya, akaniambia, "Mwanangu, hilo ruka." Nikaliruka. La marafiki akajibu 2 kati ya 5, na wakati huo huo binti wa mlango wa pili anaingia na mtungi wa maji aliomchotea! Ana chama pia, kila Jumapili wanachangiana. Dodoso halikuona hata kimoja. Alama zake mnazihesabuje?

Takwimu_Kayole
Dada, mwongozo unaruhusu kukokotoa sehemu hiyo ya maswali matatu likikosekana swali moja, pengo linajazwa kwa wastani wa mawili yaliyobaki. Yakikosekana mawili, acha. Ninachohofia ni kwamba wanaoruka wengi ni wajane na wazee, kwa hiyo wastani unawaficha haohao tunaotaka kuwajua. Andika sababu kila mara: amekataa, halimhusu, au kulikuwa na watu. Mchambuzi akikuta nafasi tupu hana la kufanya.

Muuguzi_Mtaani
Maswali ya dodoso lenyewe usiyaguse, la sivyo hamtalinganisha na wengine. Ongezeni yenu mwishoni, na yaulize mambo yanayotendeka. Ukizidiwa usiku, utamgongea nani mlango? Mwezi uliopita nani alikukopesha unga au pesa? Na wewe ulimsaidia nani? Hili la mwisho msiliache. Mwanasosholojia Corey Keyes mwaka 1998 alitaja nguzo tano za ustawi wa kijamii, mojawapo ni kujiona una mchango kwa wenzako. Shosho anayelea wajukuu anatoa kuliko anavyopokea, na kumuuliza anachopewa tu ni kumpunja.

Kuhusu usiri, chapisheni kadi yenye namba 1 hadi 5. Unasoma swali kwa sauti ya chini, yeye anaonyesha kwa kidole. Wajukuu hawatajua kajibu nini.

Mhoji_Mathare
Kadi nitamwomba msimamizi Jumatatu. Hayo ya nyongeza naweza kuanza nayo wiki hii?

Takwimu_Kayole
Hapana. Yapelekwe kwanza kwa kamati ya maadili iliyoidhinisha utafiti wenu, hata kama ni swali moja. Kisha yajaribuni kwenye ploti (nyumba za kupanga) ambayo haimo kwenye sampuli, na mzee wa mtaa apewe taarifa.