Naomba ushauri: wakwe zangu China wanataka mwana wao wa pekee arudi nyumbani

Habari zenu wana jamvi, na wakubwa shikamooni. Naishi Guangzhou na mume wangu, Mchina wa Hunan. Kazaliwa 1988, enzi za sera ya mtoto mmoja iliyodumu hadi mwisho wa 2015, kwa hiyo hana kaka wala dada wa kumpokea. Baba mkwe anaugua, na mama anataka turudi tuishi nao.

Mume anasema maisha ni yake, atatuma pesa kila mwezi, yatosha. Lakini usiku halali. Sheria ya huku, tangu Julai 2013, inawataka watoto walio mbali wawatembelee wazazi au kuwajulia hali mara kwa mara, ila kinachomuuma zaidi ni maneno ya majirani kijijini. Kuwaleta mjini nako kugumu, maana bima yao ya afya ni ya kule walikosajiliwa na hapa inalipa kidogo.

Kwetu Tanga tunawatunza wazazi kwa zamu, ndugu wanne. Yeye yuko peke yake. Akiacha kazi tutakula nini? Mlioolewa na watoto wa pekee, mlifanyaje? Na mimi mke mgeni, niseme au ninyamaze?