Mrejesho: Ada ya leseni ya kibanda stesheni

Habari zenu wakuu. Niliuliza hapa kama mamlaka ya reli inaweza kutupandishia ada ya leseni sisi wenye vibanda vya stesheni katikati ya mkataba, tena kwa tangazo la kubandikwa ukutani. Asanteni mlionijibu.

Wakili alianza na mkataba, si tangazo. Kuna kifungu kinachoruhusu ada kubadilishwa, lakini "baada ya taarifa ya maandishi kwa mwenye leseni". Hakuna aliyepewa barua. Hoja yetu kubwa imekuwa hiyo.

Alitutahadharisha pia: leseni si upangaji. Mpangaji ana haki juu ya eneo lenyewe. Mwenye leseni ana ruhusa tu ya kulitumia. Kwa hiyo kudai "hapa ni petu, tumekaa miaka" hakusaidii. Hata India, sheria ya mwaka 2014 ya kuwalinda wachuuzi wa mitaani haigusi ardhi ya reli. Inauma, maana abiria wanaolisha vibanda vyetu ndio haohao wa barabarani.

Tuliendelea kulipa ada ya zamani kila mwezi, na kila malipo na barua: "tunalipa bila kuathiri haki zetu." Nawasihi mlio kwenye hali hii, msigome kulipa kabisa, deni ndilo linaloipa mamlaka sababu ya kuwatoa.

Mahakama imetoa zuio la muda, hatuondolewi hadi shauri lisikilizwe. Upande wa pili sasa umeomba mazungumzo, nasi tumekubali, ila kwa maandishi na wakili akiwepo.