Karakana za Dar, nani aliwatuma kusaga namba ya injini ya Ford T?

Wakuu salaam. Leo sina utani na mtu.

Kuna karakana moja hapa Dar, jina naliacha maana sitaki kesi juu ya hasara. Niliwapelekea vyuma vya Ford Model T vilivyolala kwenye ghala la shamba la mkonge kule Tanga tangu enzi za wazungu. Kazi ilikuwa ndogo na niliwaandikia kwenye karatasi: toeni kutu, basi. Msipake kitu, msisage kitu, mkikuta maandishi yoyote nipigieni simu kwanza.

Nimeenda kuchukua mzigo, bloku ya injini inang'aa rangi ya silva kama sufuria la shughuli. Upande wa kushoto, juu kidogo ya mahali maji yanapoingilia, pana kibapa cha chuma ambapo kiwanda kiligonga namba. Sasa hivi ni peupe. Wamepitisha grenda! Nauliza, fundi ananijibu kwa raha zake: "Bosi, palikuwa na makovu makovu, tumekusawazishia."

Makovu makovu.

Kwa asiyejua: Model T ilitengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927, zaidi ya milioni 15, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo fremu haikuwa na namba ya chesi kama tulivyozoea. Namba ya injini ndiyo ilikuwa namba ya gari. Ukiifuta hiyo, gari halina jina wala umri. Halafu jaribuni kwenda kwenye ukaguzi na injini iliyosagwa namba. Askari hatakuuliza habari za Henry Ford, atakuuliza umeiba wapi.

Kinachoniuma zaidi, namba yenyewe ilianza na herufi C. Maana yake injini ilitoka Ford ya Canada, ng'ambo ya mto kutoka Detroit. Hao ndio waliopewa soko la makoloni ya Mwingereza, na ndiyo sababu Ford nyingi zilizokuja pande zetu zina usukani wa kulia. Hii siyo hadithi ya kunogesha baraza. Ndiyo inayokuambia utafute vipuri gani, maana vya Marekani na vya Canada havifanani kila mahali. Mfano mlango niliowapelekea. Ulikuwa na skrubu zenye tundu la mraba kichwani, zile za Robertson, alama ya Ford ya Canada kabisa. Mabwana wakaziona "za ajabu", wakazing'oa, wakanipigia skrubu za nyota mpya kutoka duka la jirani. Skrubu ya nyota imeingia kwenye magari miaka ya 1930! Mtu yeyote anayejua haya magari ataucheka mlango wangu akiwa bado mbali.

Subirini, haijaisha.

Silinda hedi, kile kifuniko cha juu ya injini. Tundu la plagi la Model T lina thredi ya bomba la nusu inchi, ile inayobana kadiri inavyoingia. Wamechukua plagi ya Corolla, wakaitumbukiza, ikawa inacheza humo ndani. Hitimisho lao? "Tundu limelika." Wakakereza bushi, wakachomelea. Chuma cha kusubu, yaani cha kumimina kwenye kalibu, kimechomelewa kikiwa baridi, bila kupashwa moto taratibu wala kuachwa kipoe taratibu! Sasa nina ufa kutoka tundu la silinda ya pili kuelekea njia ya maji. Tundu halikulika. Plagi ndiyo haikuwa yake.

Koili zile nne za kwenye viboksi vya mbao, zinazotengeneza cheche za plagi, wameziosha kwa petroli. Ndani ya kile kiboksi waya na kapasita vimezungushiwa lami ili unyevu usiingie. Petroli inafanya nini kwenye lami, hata mtoto wa darasa la nne anajua. Zimerudi zimesafishika vizuri sana na hazitoi hata cheche.

Na difu, ile gia ya nyuma inayopeleka nguvu kwenye magurudumu, hapa sicheki kabisa, maana hapa mtu anakufa. Mle ndani mna washa nene za babiti, aloi laini ya rangi ya kijivu, zinazoshikilia kraunwili, ile gia kubwa, isisogee ikaachana na pinioni, gia ndogo inayoizungusha. Baada ya miaka mia moja babiti inachakaa na kupukutika yenyewe, hata kama gari limesimama tu. Breki ya mguu ya Model T haiko kwenye magurudumu, iko ndani ya giaboksi, nguvu yake inapitia propela shafti ndipo ifike nyuma. Washa ikisagika, kraunwili inakimbia pinioni, na hapo huna mwendo na huna breki. Unabaki na ile ya mkono tu, na yenyewe ni ya kuombea dua. Kila anayejua kazi hii anatupa washa za babiti na kuweka za shaba ya bronzi, bila mjadala. Hawa wamezisugua kwa msasa, wakazirudisha, wakaandika kwenye risiti "difu imefanyiwa sevisi". Nimefungua mwenyewe. Moja nimeivunja kwa vidole.

Mkidhani tatizo ni mafundi wa bongo peke yao, wauzaji wa mtandaoni huko nje nao wana yao. Kuna mmoja alikuwa ananiuzia kifuniko cha giaboksi, "original 1914". Nikamwomba picha ya upande wa pili. Kina nafasi ya kufungia stata! Ford walianza kuweka stata ya umeme kwenye Model T mwaka 1919. Nikamwuliza kwa adabu, akajibu kwamba kinaingia miaka yote. Sikuuliza kama kinaingia, nimeuliza ni cha mwaka gani. Akaniblock.

Halafu kuna wajuaji watakaokuja hapa chini kuandika "mkuu hizo si namba tu, piga rangi endesha". Sikilizeni. Bloku nyingi zina tarehe ya siku zilipomiminwa, imesimama juu ya chuma, imeandikwa Kimarekani: mwezi kwanza, halafu siku, halafu mwaka. Ukiona 5 12 23 ni tarehe 12 Mei 1923, siyo Desemba. Kwa tarehe hiyo unajua uagize kabureta ipi, Holley au Kingston, na ya aina gani. Bila hiyo unanunua kwa kubahatisha, kwa dola, na ushuru juu.

Na kutoa kutu bila kuua maandishi wala si kazi ya maabara. Mafuta ya taa na brashi laini kwanza. Ukiona dalili ya herufi, weka karatasi juu yake usugue na penseli, piga picha ukiwa umeimulika kwa ubavu. Kisha kizamishe kipuri kwenye pipa la plastiki lenye maji na magadi, upitishe umeme wa chaja ya betri. Hasi kwenye kipuri chako, chanya kwenye kipande cha chuma chakavu. Usitumie chuma kisichoshika kutu, kinatoa sumu, na usitumbukize aluminiamu. Fanyia nje, ile gesi inayotoka inalipuka. Kutu inageuka nyeusi, inatoka kwa brashi, na namba inabaki pale pale ilipogongwa. Magadi yamejaa kila genge. Grenda ya nini?

Hela yangu nimedai, wanasema "kazi imefanyika". Nitawafuata kwa njia nyingine.

Kwa sasa nahitaji vitu viwili. Fundi wa kuchomelea chuma cha kusubu anayepasha moto kwanza, awe Dar, Moshi au hata Mombasa, mwenye kazi ya kunionyesha kwa macho. Na mwenye silinda hedi ya Model T, hata yenye kutu ya kutisha, aje PM. Picha ziwe za kabla hujaisafisha.