Msikiti si ukumbi wa harusi: mnaoandika tathmini za athari, acheni kunakili!

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni wa hasira, na hasira yenyewe haiwaendei waumini wala majirani. Inawaendea washauri elekezi wanaolipwa kutathmini athari za msikiti mpya kwa mtaa unaouzunguka, kisha wanafungua faili la zamani la ukumbi wa harusi, wanabadilisha jina la mradi na namba ya kiwanja, wanagonga muhuri na kudai hela yao. Ripoti ya namna hiyo huhangaiki kuitambua: "wateja wataegesha magari ndani ya eneo la mradi." Wateja! Msikitini!

Tuanze na kuhesabu magari, maana hapo uvivu unaonekana kwa macho. Jedwali linaonyesha magari yaliyopita barabarani kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni, siku ya Jumanne. Jumanne msikiti wa mtaa una nini? Adhuhuri safu mbili, Alasiri safu moja na nusu, Ishaa wanaongezeka kidogo waliotoka kazini. Mzigo wote uko Ijumaa, kati ya saa 6 na saa 8 mchana. Watu wanaingia mmoja mmoja kwa muda wa saa nzima, halafu imamu akishatoa salamu wanatoka kwa mpigo, na ndani ya dakika 10 mtaa umefurika. Kutoa wastani wa siku hapo ni sawa na kwenda kupima Mto Msimbazi mwezi wa 9, kiangazi, ukarudi kusema haufuriki.

Kuhesabu vizuri hakuna uchawi. Tafuta msikiti wa ukubwa unaofanana katika mtaa wa aina ileile. Weka watu wawili getini Ijumaa mbili, waandike kila dakika 10: wangapi wamekuja kwa miguu, wangapi kwa bodaboda, bajaji, gari, na gari limeachwa wapi. Kama Ramadhani iko karibu, rudia usiku mmoja wa Tarawehe. Na kabla ya yote hayo ripoti itaje ni msikiti gani unaojengwa. Wa swala tano za wakazi, au utaswaliwa na Ijumaa? Uko kando ya maofisi na maduka, au katikati ya nyumba za watu? Ule wa kando ya maofisi utajaa Ijumaa watu wasioishi hapo, na Alfajiri ukute kumi. Ule wa katikati ya makazi watu wanaujia na ndala, magari yanahesabika, ila Alfajiri na Ishaa haulali. Hizo ni athari mbili tofauti, lakini kwenye ripoti zinapewa sentensi moja.

Idadi ya waumini nayo inapikwa. Mtu mmoja kwenye safu anachukua kama sentimita 60 kwa mita 1.2, yaani mita za mraba 0.72. Ukumbi wa mita za mraba 450 unabeba 600 hivi ukishatoa nguzo na njia. Ripoti inaandika 300 ili hesabu ya maegesho itoshe. Baraza haimo, ghorofa ya wanawake haimo, na majamvi yanayotandikwa nje Ijumaa kana kwamba hayajawahi kuonekana nchi hii.

Sasa kuna jambo ambalo karibu kila ripoti inaliruka, nalo ndilo linaloamua mambo mengine yote: kibla, yaani upande wa Makka ambao watu huuelekea wakiswali.

Hapa Dar es Salaam kibla ni kaskazini, ikiinama kama nyuzi 1 tu kuelekea mashariki. Mombasa nako ni vivyo hivyo. Kwa hiyo mihirabu, kile kishubaka anachosimama imamu, iko ukuta wa kaskazini, na milango lazima iwe kusini au ubavuni, kwa sababu hakuna anayetaka kukatiza mbele ya wanaoswali. Chukua kiwanja ambacho barabara kubwa imepita kaskazini yake. Kwenye mchoro wa rangi ule wa kuchangishia fedha, kuba na mnara vinapendeza vikitazama barabara. Kinachotazama barabara, bwana, ni mgongo wa mihirabu. Lango linahamia nyuma, kwenye kichochoro cha mita 4.

Mshauri yeye kapima barabara kubwa, kaona ina nafasi, kaandika "athari ni ndogo". Tupige hesabu ya kule nyuma. Watu 600 wakitoka pamoja, kila mmoja akihitaji mita 1 ya mraba asikanyagane na mwenzake, wanajaza mita 150 za kichochoro hicho. Bodaboda zikipangwa pande mbili upana unabaki mita 2, na foleni inakuwa mita 300. Mgonjwa akizidiwa ndani ya nyumba mojawapo hapo, gari linapita wapi? Na yule jirani wa kichochoroni hakuulizwa, kwa sababu orodha ya wadau iliokotwa kwenye nyumba za barabarani.

Mihirabu yenyewe ina ugomvi wake. Misikiti ya pwani mihirabu huchomoza nje ya ukuta. Mchoro ukiacha mita 1.5 kati ya ukuta na mpaka, halafu mihirabu ikachomoza mita 1, imebaki nusu mita: hapiti mtu na toroli, wala huwezi kulifikia bomba likipasuka. Mpimaji anapima hadi ukutani, jirani anapima hadi mihirabuni, kesi inafika kwa mwenyekiti wa mtaa. Mbaya zaidi ni michoro inayoletwa tayari na mfadhili. Mchoro uliobuniwa kwa kiwanja cha Istanbul, ambako kibla ni kusini-mashariki, ukiupachika Mbagala bila kuugeuza, safu zinakaa mshazari na unapoteza pembe nne za ukumbi. Ukiugeuza, milango, ngazi na vyoo vinahama, lakini ripoti inabaki na kurasa zilezile.

Kiwanja kikikaa vizuri, kibla ya kaskazini ni neema. Safu ndefu za mashariki na magharibi zinafanya kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, jua la alasiri haliingii, feni zinatosha. Faida kama hii ndiyo ingeandikwa kwenye tathmini, lakini mtu anayenakili ataijulia wapi?

Mlango na viatu. Mlango wa mita 1.8 kwenye vitabu unapitisha watu zaidi ya 100 kwa dakika. Ukiweka rafu za viatu pale pale kizingitini, kila mtu anainama sekunde 15 kutafuta kandambili zake na kasi hiyo inakufa. Rafu zikae ubavuni, mbali na mlango, au milango iwe miwili. Ni gharama ya fundi seremala tu.

Maji ndipo majirani wanapoumia kimya kimya. Koki ya kawaida inatoa lita 6 kwa dakika, na mtu akitawadha kwa dakika moja na nusu bila kuifunga amemaliza lita 9. Tuseme nusu ya wale 600 wanatawadhia msikitini: lita 2,700 ndani ya saa moja. (Mtume alikuwa akitawadha kwa mudi moja, haifiki hata lita. Wazee waliojenga misikiti ya zamani ya pwani waliweka birika, yaani tangi la maji, na kata ya kuchotea, na kata haijui kumwagika peke yake.) Koki sita kwa watu 300 ni dakika 75, yaani foleni inafika nje na watu wanaikosa hotuba. Koki 12 zinashusha hadi chini ya dakika 40. Zile za kubonyeza zinazojifunga zenyewe zinapunguza maji, ila msikiti uwe na mtu wa kuzitengeneza.

Yale maji yanakwenda wapi? Ripoti inasema "karo". Kosa kubwa hilo! Maji ya wudhu ni mengi na hayana uchafu mzito. Ukiyapeleka kwenye karo la choo, Ijumaa moja tu yanasukuma kinyesi ambacho hakijaoza hadi kwenye shimo la kunyonyea, shimo linaziba matope, na baada ya miezi michache harufu iko kwa jirani wa chini. Wudhu uwe na shimo lake, choo kiwe na lake. Na kipimo cha ardhi kunyonya maji kifanywe wakati wa masika: chimba kishimo cha sentimita 30, kijaze maji hadi udongo ulowe, kijaze tena, kisha hesabu dakika ambazo maji yanachukua kushuka sentimita 2.5. Ukipima kiangazi udongo unakunywa kama mchanga wa ufukweni. Mwezi wa 4 maeneo ya mabondeni maji ya ardhini yanapanda hadi karibu na uso, na shimo linakuwa kisima.

Halafu paa. Mvua ya milimita 50 juu ya paa la mita za mraba 500 ni lita 25,000. Bila mfereji, zote zinakwenda kwa jirani. Kwa tangi na mfereji, hayo ndiyo maji ya wudhu ya Ijumaa kadhaa. Hili halipo kwenye ripoti hata kwa bahati mbaya.

Kuhusu sauti nitasema kidogo kwa sababu watu hupenda kulifanya ndilo jambo pekee. Spika ya honi inayotoa desibeli 110 kwa mita 1 inashuka desibeli 6 kila umbali ukizidishwa mara mbili, kama hakuna kizuizi: mita 8 ni 92, mita 32 ni 80. Hiyo 80 ndiyo inayoingia dirishani saa 11 alfajiri. Ukitumia spika nne ndogo zilizoinamishwa chini, kila moja na upande wake, adhana inasikika mtaa mzima na hakuna nyumba inayopigwa usoni. Ripoti itenganishe adhana, ambayo ni dakika tatu au nne, na darasa la saa nzima linalorushwa nje kwa amplifaya ileile. Swichi mbili, spika za ndani na za nje, zinamaliza habari. Kanuni za kelele na mitetemo za 2015 zina viwango vya mchana na vya usiku, na kazi ya mshauri ni kupima usiku kabla ya ujenzi ili kuwe na cha kulinganisha. Vipimo hivyo vichukuliwe na kwa ile baa ya kona inayopiga muziki hadi saa 8 usiku, na kanisa lenye mkesha. Mkazi anayesaini malalamiko ya "kelele" za msikiti usiojengwa bado huku baa haimkeri, hana hoja ya mazingira huyo, ana lake jambo.

Lingine ni muda wa ujenzi. "Miezi 12," wanaandika. Misikiti mingi hapa inajengwa kwa michango: msingi mwaka huu, nguzo mwakani, jamvi la zege likisubiri Ramadhani nyingine. Lundo la kokoto linakaa nusu ya njia, nondo za nguzo zimechomoza wazi, na chini watu wanaswali huku juu mirunda bado imeshikilia zege. Athari zitathminiwe kwa awamu, kila awamu ikijibu: vifaa vinalala wapi, kuna wavu wa kuzuia tofali lisidondoke, nani anakagua mirunda kabla watu hawajaingia?

Kamati za misikiti nazo zisijifiche. Mnampa mshauri karatasi yenye "msikiti" tu, baadaye linazuka darasa la madrasa la watoto 120, vyumba vya maduka ya wakfu, jiko la futari na sehemu ya kuoshea maiti. Kila kimoja kina mzigo wake: watoto wanavuka barabara saa 10 jioni, jiko lina mabaki na mifupa, maji ya kuoshea maiti yanahitaji njia yake ya peke yake. Andikeni vyote mwanzoni. Kuviongeza kimyakimya baada ya kibali ndiko kunakowapa wapinzani fimbo.

NYONGEZA, baada ya majibu ya mwanzo: aliyeuliza kama mnara ni lazima, jibu ni hapana. Tembea Mji Mkongwe, Unguja, misikiti mingi haina mnara, nje utadhani ni nyumba ya mtu. Na aliyesema natetea wapinga misikiti, arudi asome aya ya spika.

Mwenye ripoti ya msikiti wa mtaani kwake afungue jedwali la magari, aangalie siku iliyoandikwa juu kulia, kisha atazame lango kwenye mchoro limeelekea wapi. Kama siku si Ijumaa na lango liko kichochoroni, futa majina ya watu uipandishe hapa tuichambue ukurasa kwa ukurasa.