CD 60, gari lina USB tu

DerevaJinja: Wakuu, gari hili halina tundu la CD. Nyimbo nazihamishaje? Flashi ya GB 64 redio inaikataa.

FundiNdeeba: Tatizo ni fomati, yaani namna flashi inavyopanga mafaili, ndugu. Flashi za GB 64 huja na fomati ya exFAT, na redio nyingi za magari husoma fomati ya FAT32 pekee. Chukua ya GB 16, ambayo kwa kawaida huja na FAT32. CD ya dakika 74 ikinakiliwa kwa MP3 ya ubora wa kbps 320 (kilobiti kwa sekunde) hula kama MB 178, kwa hiyo zote 60 hazifiki GB 11. Tumia programu ya Windows Media Player kwenye kompyuta, ila chagua MP3 kwenye mipangilio KABLA ya kunakili, la sivyo utarudia kazi yote.

MbaleSauti: Majina ya nyimbo yaanze na 01, 02. Ukiandika 1, 2, redio nyingine hucheza 1, halafu 10, ndipo 2. CD iliyochafuka ifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni. Ukifuta kwa kuzungusha, mchubuko hufuata mkondo wa data na wimbo hukatika.

BodaMuziki: Jaribu matundu yote ya USB. Mengine huchaji simu tu.